Sikio lililinganishwa na nini?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kutibu maumivu sugu ya mgongo kwa kusisimua sikio niliisoma nikiwa wima, maana siku hiyo kukaa kulinishinda. Mmeandika kwamba maumivu ya wagonjwa waliopata tiba hiyo yalipungua. Sikatai. Ila yalipungua kuliko ya nani?

Siulizi kwa ubishi. Miaka mitatu iliyopita mtaalamu mmoja alinibandika punje ngumu masikioni kwa plasta, tano kila upande, akaniagiza nizibonyeze mara tatu kwa siku. Zilikuwa ndogo kama punje za uwele, lakini ukigusa pale penyewe unakunja uso. Wiki ya pili nikaweza kuinama na kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta. Nikawasimulia watu wote. Baadaye ndipo nilipokumbuka kuwa wiki ileile nilikuwa nimeanza tena kutembea asubuhi, na kwamba nilimwendea yule mtaalamu siku nilipokuwa hoi kabisa. Mgongo wangu, kama migongo mingi, hupanda na kushuka. Ukianza tiba yoyote siku ya kilio, hata ya kunusa maua, huenda baada ya wiki chache ukawa na nafuu.

Tiba yenyewe siidharau. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo ikashuka hadi moyoni na tumboni, ina tawi dogo linalofika sikioni. Ndiyo maana baadhi yetu hukohoa tukijichokonoa masikio. Watafiti wanaopitisha umeme hafifu kwenye kibonde kilicho juu ya tundu la sikio wanataka kujua kama njia hiyo inaweza kutuliza maumivu ambayo ubongo umeyazoea. Kwangu mimi wazo hilo lina mashiko kuliko ramani ya Paul Nogier, daktari wa Lyon, Ufaransa, ambaye katika miaka ya 1950 alilifananisha sikio na kijusi kilicholala kichwa chini. Ingawa naye, kwa haki yake, alianzia mgongoni: aliona wagonjwa waliopata nafuu ya maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni wakiwa na kovu la kuchomwa kwa moto sikioni.

Ugumu uko kwenye tiba ya uongo ya kulinganishia. Mara nyingi kundi la pili, lile lisilopewa tiba halisi, hubanwa kifaa hichohicho cha umeme kwenye ndewe, ambako tawi lile halifiki. Sawa, lakini mgonjwa naye si mjinga. Asiposikia mwasho kama wa mwenzake atajua kuwa amepewa bandia, na matumaini yake yatakufa hapohapo.

Mwaka 2007 Wajerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Hao walichomwa sindano za akupancha, tiba ya Kichina ya sindano nyembamba zisizo na dawa, tena mwilini, si sikioni, lakini somo ni lilelile. Baada ya miezi 6, walionufaika kwa sindano halisi walikuwa asilimia 47.6, kwa sindano za uongo asilimia 44.2, na kwa matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Mwandishi mmoja angeweza kuandika "sindano zashinda hospitali", mwingine "sindano ni kiini macho", wote wakitazama jedwali moja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Hao wote ni wateja wa yeyote mwenye kifaa cha kuuza. Basi mkiandika tena, tuambieni kundi la pili lilipewa nini, wagonjwa walifuatiliwa kwa muda gani, na kama walirudi kazini. Kwamba maumivu yalitoka 7 yakafika 5 kwenye kipimo cha 0 hadi 10 hakunisaidii ikiwa bado siwezi kumbeba mwanangu.

Punje zilizobaki bado ziko kwenye droo. Nikizidiwa nitazibandika tena, utafiti uwe umetoka au haujatoka.

Msomaji wenu,
Mgonjwa wa mgongo, mwaka wa tisa