Barua kwa mwanangu: siku utakapomkagua mgonjwa mbele ya mtahini

Mwanangu mpendwa,

Mtihani wako wa vitendo umekaribia, ule wa kumkagua mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Najua orodha ya hatua umeshaikariri, na hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Orodha ya kukariri hukatika mtu akishtuka, na mbele ya mtahini kila mtu hushtuka kidogo. Lakini ukijua kwa nini hatua fulani inatangulia nyingine, hata ukipotea utaweza kurudi njiani. Kwa hiyo nitakuandikia sababu zaidi kuliko orodha.

Kwanza kabisa, mtahini hutoa alama kwa anachokiona na kukisikia tu. Ukiitazama ngozi ya mgonjwa kimya kimya, kwake yeye hujaitazama. Sema unachokiona: "Kifua kinapanda sawa pande zote mbili, hakuna kovu, hatumii misuli ya shingo kupumua." Ila usimgeuzie mgonjwa mgongo ukawa unamhutubia mtahini. Mgonjwa ongea naye kwa lugha ya kila siku, kwa mfano, "Nitakubonyeza tumbo taratibu, ukisikia maumivu niambie," kisha matokeo yatamke kwa sauti ya kusikika.

Mwanzoni kuna alama rahisi zinazopotea bure. Safisha mikono: dawa ya alkoholi sekunde 20 hadi 30, au maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Jitambulishe, muulize jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, ulinganishe na bangili yake ya utambulisho. Namba ya kitanda haimtambulishi mtu. Omba ridhaa, vuta pazia, pandisha kitanda usawa wa kiuno chako, na ufunue sehemu unayoikagua peke yake. Muulize pia kama kuna mahali panapomuuma sasa hivi, kwa sababu hapo utapagusa mwisho.

Mapigo ya kifundo cha mkono yatafute kwa ncha za vidole viwili au vitatu, kamwe si kwa dole gumba, maana lina mapigo yake lenyewe na utaishia kujihesabu. Yakienda kwa mpangilio hesabu sekunde 30 uzidishe mara mbili. Yakiwa hayana mpangilio, hesabu dakika nzima. Ukimaliza usiondoe vidole. Mgonjwa akidhani bado unahesabu mapigo, wewe tazama kifua uhesabu pumzi, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa pumzi huanza kuzibadilisha. Kwa mtu mzima aliyetulia tunatarajia mapigo 60 hadi 100 na pumzi 12 hadi 20 kwa dakika.

Sasa presha, ambako wengi huangukia. Namba huharibika kabla hata hujajaza hewa. Mkanda mdogo kuliko mkono huipandisha, mkubwa mno huishusha. Mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, namba inapanda. Akikunja miguu moja juu ya nyingine, inapanda. Akiongea, inapanda. Basi apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo, kimya.

Funga mkanda kwenye ngozi, si juu ya shati, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Papasa mapigo ya kifundoni huku ukijaza hewa mpaka yapotee. Kumbuka namba hiyo, toa hewa yote, subiri kidogo, kisha weka stetoskopu juu ya ateri ya mkunjo wa kiwiko na ujaze mpaka 30 juu ya namba ile. Hatua hii wanafunzi huiruka wakidhani inapoteza muda. Sababu yake ni kwamba kwa baadhi ya watu sauti husikika, hunyamaza kwa muda, kisha hurudi. Asiyepapasa anaweza kuanzia ndani ya kile kimya akaandika presha ya kawaida kwa mtu ambaye presha yake iko juu sana. Shusha milimita 2 hadi 3 za zebaki kwa sekunde. Ukifungua valvu kwa pupa, sauti ya kwanza, inayokupa namba ya juu, itakupita, na ile ya mwisho, inayokupa namba ya chini, hutajua hasa ilipokoma. Na ikikupita, usijaze tena hewa mkanda ukiwa nusu. Toa yote, subiri dakika moja, mwambie mgonjwa unarudia, urudie. Kurudia hakutakuangusha, mwanangu; namba ya kubuni ndiyo itakayokuangusha, hasa mtahini akiwa anasikiliza pamoja nawe kwa stetoskopu ya watu wawili.

Stetoskopu yenyewe, vipande vya masikio vielekee mbele, upande wa pua, kwa kuwa njia ya sikio ndivyo ilivyolala. Ukivaa kinyume utasikia hafifu uanze kumshuku mgonjwa. Gonga kidogo kwa kidole utando, yaani ule uso bapa unaowekwa kwa mgonjwa, kuhakikisha upande sahihi umefunguka, na uupashe joto kiganjani kabla ya kuuweka kifuani.

Kwenye moyo usikisie mbavu kwa macho. Weka kidole kwenye kile kishimo cha chini ya koo, ukiteremshe juu ya mfupa wa kidari mpaka ukute kituta kidogo kinachokatiza mfupa huo. Ubavu unaoungana nacho pembeni ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ndiyo nafasi ya pili. Upande wa kulia hapo unasikiliza valvu ya aota, kushoto valvu ya ateri ya mapafu. Shuka kushoto, karibu na mfupa, nafasi ya tatu, halafu ya nne ambapo ni valvu ya trikaspidi. Nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga wa kushoto, ni valvu ya mitrali, na hapo ndipo unapohesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Valvu zenyewe hazikai hasa mahali hapo. Ni pale sauti zake zinapofika vizuri zaidi. Mgonjwa akiwa mwanamke, muombe ainue titi mwenyewe, au uliinue kwa upande wa nyuma wa mkono wako baada ya kumwambia. Usisikilize juu ya nguo ili kukwepa aibu, kwani mkwaruzo wa kitambaa unafanana sana na sauti za ugonjwa.

Mapafu yasikilize kwa kulinganisha: kulia, kushoto, shuka, kushoto, kulia. Anayemaliza upande mmoja mzima kwanza hukosa cha kulinganisha. Mgonjwa apumue kwa kinywa, nawe usikilize pumzi nzima, kuingia na kutoka, kila kituo. Mpe nafasi ya kupumzika asije akapata kizunguzungu. Mgongoni mwambie akumbatie mabega yake ili mifupa mipana ya mabega ifunguke. Usisahau chini ya kwapa la kulia na kifuani upande huo, maana sehemu ya kati ya pafu la kulia haisikiki vizuri kwa nyuma. Ukisikia mkoromo mzito, muombe akohoe, usikilize tena. Wa makohozi mara nyingi huondoka.

Tumboni mpangilio unabadilika. Kwingine unatazama, unapapasa, unagonga kwa kidole, ndipo unasikiliza. Hapa unatazama, unasikiliza, unagonga, unapapasa mwisho, kwa kuwa kuligusa tumbo huamsha au kubadili milio ya utumbo, na kukiwa na maumivu mgonjwa atakaza misuli usiweze tena kupata chochote. Kabla ya yote aende haja ndogo, alale chali, magoti yakunjwe, mikono ubavuni. Anza kusikiliza chini upande wa kulia, utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, ambapo milio hupatikana kwa urahisi. Usitamke kwamba hakuna milio mpaka usikilize dakika 5. Muda uliopewa wa mtihani ukiwa mfupi, mwambie mtahini waziwazi kwamba kwa kawaida ungeendelea hadi hapo. Unapopapasa, bonyeza kwa vidole vilivyolala, kama sentimita 1, na macho yako yawe usoni pa mgonjwa. Maumivu huonekana kwenye paji la uso kabla hayajasemwa. Ukihisi kitu kinachodunda katikati ya tumbo, acha kubonyeza, toa taarifa.

Yaliyobaki ni mepesi ukiwa mtulivu. Ateri za shingo zipapase moja moja, kwa maana kuzibana zote mbili kunaweza kupunguza damu ya ubongo. Mwanga wa tochi uletwe kutoka pembeni, kila jicho mara mbili: mara ya kwanza tazama jicho lililomulikwa, mara ya pili lile la upande wa pili, kwani mboni zote mbili zinapaswa kusinyaa. Nguvu za mikono zipime zote kwa pamoja ili uzilinganishe. Uvimbe wa miguu bonyeza kwenye muundi sekunde 5, uone kama shimo linabaki. Mapigo ya upande wa juu wa wayo yako pembeni ya kano ya kidole gumba cha mguu, upande wa vidole vidogo. Wengi huyakosa kwa kubonyeza sana, kwa hiyo gusa kidogo tu. Mgeuze mgonjwa pia uone visigino na eneo la juu ya makalio, kwani vidonda vya kulalia huanzia huko na hatua hii husahaulika kuliko zote.

Katika siku zilizobaki fanya mazoezi kwa sauti, saa ikiwa mbele yako, kwa mwembamba na mnene, kijana na mzee, mwenzako mmoja akiwa ameshika karatasi ya alama ya chuo. Chuo chako kikitaka mpangilio tofauti na wangu, fuata wa chuo.

Ukimaliza ukaguzi, mfunike mgonjwa, shusha kitanda, mwekee kengele ya kuitia karibu na mkono, muulize kama ana swali, safisha mikono. Halafu andika, na usiandike "mapafu kawaida." Andika ulichosikia na wapi: hewa inaingia sawa pande zote mbili, hakuna mluzi wala mkwaruzo, pumzi 16 kwa dakika.

Nakuombea kila la heri.

Mama yako