Mwanangu, usilipe ada kabla hujauliza jimbo

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Meseji yako nimeisoma, eti umeamua unataka uwe mshauri nasaha wa shule na kuna chuo cha onlaini umeshakipata, wanakupa punguzo ukilipa ada kabla mwezi haujaisha. Hilo punguzo ndo limenifanya nikae nikuandikie, maana kwenye simu huwa unaniitikia "sawa mama" halafu unaenda kufanya yako.

Kazi yenyewe nimeipenda, tena sana. Ila huko Marekani kuwa na moyo wa kusikiliza watu hakukuingizi shuleni, lazima uwe na kibali, na kibali anatoa jimbo sio chuo. Hapo ndo watu wengi wanapokwama, mtu anasoma miaka miwili mitatu anapata cheti kizuri cha chuo anakitundika ukutani, akienda kuomba leseni idara ya elimu ya jimbo inamwambia kozi yako hatuitambui au saa zako za fildi, yaani mazoezi ya kazi shuleni, hazitoshi. Sasa hiyo ada nani anakurudishia?

Kwa hiyo anza na jimbo. Amua unataka kufanya kazi wapi, halafu ingia kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo hilo usome wenyewe wanataka nini. Usisikilize rafiki yako aliyesomea jimbo lingine, huyo atakupoteza bila kujua, na usiamini hata alichosoma mtu miaka mitano iliyopita kwa sababu sheria zinabadilika. Texas kwa mfano kwa miaka mingi walikuwa wanataka uwe umefundisha darasani miaka 2 kwanza, wakati majimbo mengine ualimu hawakuulizi kabisa. Hata jina la kibali linatofautiana, huku leseni, kule cheti, ila mzigo wake ni uleule.

Digrii yako ya kwanza isikuumize kichwa. Saikolojia, ualimu, sosholojia, zote zinakupeleka. Kinachoangaliwa ni masta, majimbo mengi yanaitaka, na sio masta yoyote, iwe ya ushauri wa shule. Kuna chombo kinaitwa CACREP ndo kinatoa ithibati kwa kozi za ushauri, siku hizi wanataka kozi iwe na krediti 60 za semista. Sio kila jimbo linalazimisha ithibati yao, lakini mimi ningekuwa wewe ningeitafuta, maana ukihama jimbo leseni haihami na wewe yenyewe, unaomba upya, na ukiwa na kozi inayojulikana maswali yanapungua.

Sasa fildi. Hapa naomba usome polepole. Kwa utaratibu wa CACREP unaanza na saa 100 za mazoezi, 40 kati ya hizo uwe umekaa na wanafunzi wenyewe, kisha inakuja fildi kubwa ya saa 600 na 240 ziwe za wanafunzi. Kupanga mafaili na kukaa vikaoni kunahesabika kwenye 600 ila hakuingii kwenye zile 240, kwa hiyo ukipangiwa shule inayokufanya karani utamaliza mwaka saa zako za wanafunzi hazijatimia. Na kila saa unaiandika, msimamizi anasaini, mnakaa naye kila wiki kupitia ulichofanya, na kwenye yale mazoezi ya mwanzo utarekodiwa ukiongea na mtoto (kwa ruhusa) au msimamizi awepo anakuangalia. Najua utaona aibu kujisikia. Mtoto anasema tumbo linaniuma, wewe unakimbilia kumpa ushauri anywe maji apumzike, ukiisikiliza rekodi ndo unagundua alisema linauma kila siku kipindi cha hesabu na wewe ukapitiliza! Hiyo huwezi kuipata kwenye slaidi.

Ndo maana nakwambia onlaini sio ubaya, nadharia unaweza kuisoma kitandani, ila fildi lazima uingie kwenye shule ya kweli, waulize kabisa nani anakutafutia hiyo shule, wao au wewe mwenyewe. Wakianza kuzungukazunguka ujue ni wewe.

Baada ya hapo kuna mtihani, majimbo mengi yanatumia wa Praxis wa washauri wa shule, mengine yana wa kwao. Na alama za vidole, wanakagua rekodi zako za jinai kabla hujaachwa na watoto wa watu, mara nyingi hata kabla ya fildi. Hivyo havinipi wasiwasi.

Kingine, usichanganye leseni hii na ile ya kufungua ofisi yako ya ushauri. Ile ni bodi nyingine, na baada ya masta unadaiwa saa nyingine maelfu chini ya msimamizi. Kama unataka zote mbili sema mapema, kuna kozi zinakuandaa kwa zote.

Na ujue unakoenda. Chama chao cha washauri wa shule, ASCA, kinashauri mshauri mmoja awe na wanafunzi 250, lakini wastani wa nchi bado uko juu ya hapo, kwa hiyo kwenye usaili uliza watoto wangapi, na uliza ratiba za mitihani anasimamia nani, ili usiende kuwa msimamizi wa mitihani mwenye masta.

Sasa hao wa punguzo waandikie imeili leo, waambie wakujibu kwa maandishi kama kozi yao inatimiza masharti ya leseni ya jimbo lako. Vyuo vinatakiwa kulieleza hilo, sio fadhila. Jibu likija nitumie na mimi nilisome, na kadi yako ya benki iache kwenye pochi mpaka hapo.

Mama yako