Harambee: Mashine ya Leza Imekaa Chini ya Shuka, Tusaidieni Kuwafundisha Wahudumu Wetu

Ndugu zetu waumini, na nyinyi majirani wa dini zote mnaotibiwa katika zahanati yetu hapa Kilifi, tunawasalimu kwa heshima, na kwa aibu kidogo.

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza mahamri kituoni aliingia chumba cha meno akafungua pindo la leso. Tulidhani anatoa pesa ya kadi. Akatoa jino. Limemtoka asubuhi akitafuna kipande cha muhogo, bila damu nyingi, bila maumivu ya kusema. Tuliligeuza kwenye mwanga: jino zima, jeupe, halina hata tundu. Lililoliwa ni fizi na mfupa ulioshika jino hilo. Mama huyo ana kisukari, na daktari anatuambia kisukari na ugonjwa wa fizi ni marafiki wabaya, mmoja humchochea mwenzake. Meno yake mengine manne yanacheza. Alituuliza, "Sasa haya nayo nitayafunga kwenye leso?"

Swali lile lilitukata, kwa sababu kabatini, hatua nne kutoka alipoketi, ipo mashine ya leza ya kutibu fizi, imefunikwa shuka la waridi. Mnaikumbuka. Tuliipokea kwa ngoma na hotuba ndefu, zawadi ya marafiki wa kanisa walio ng'ambo. Haijawahi kuwashwa kwa mgonjwa hata mmoja, maana hakuna aliyefundishwa kuitumia. Miwani yake ya kinga ilionekana mara moja tu, puani mwa mmoja wa Mamajusi kwenye igizo la watoto la Krismasi. Sasa waliotupa zawadi wameandika, wanaomba picha ya mashine ikiwa kazini. Tuwatumie picha ya shuka?

Wapo wanaotuambia, "Si mwashe tu, mwongozo upo?" Hapana. Mwanga wa mashine hii hauonekani kwa macho, na ukiingia jichoni unaweza kuunguza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kabla mtu hajapepesa. Miwani lazima ilingane na mwanga wa mashine yenyewe (ya kwetu ni ya nanomita 940, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), si miwani yoyote ya jua. Ncha yake ni uzi mwembamba unaopita kati ya jino na fizi. Mkono usiojua ukikaa hapo muda mrefu kuliko inavyotakiwa, joto huunguza mfupa uleule tunaotaka kuuokoa. Daktari wa meno anayetutembelea aliweka neno fupi mlangoni mwa kabati: asiyefundishwa asiguse.

Na tusidanganyane kuhusu leza. Aina hii haikwangui ugaga. Ule ugaga, unaoganda kwenye shina la jino kama chokaa ndani ya birika, unatolewa kwa vifaa vya mkono au mashine ya kutetemesha, polepole, jino kwa jino. Leza hufuata baadaye: inakata nyama iliyooza bila damu nyingi na kupunguza vijidudu kwenye mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya jino na fizi. Wataalamu wengi huihesabu kuwa nyongeza tu, kazi yenyewe ni kusafisha. Ndiyo maana mafunzo tunayoombea yanaanza na mikono: kupima kina cha mifuko hiyo kwa kijiti chenye alama za milimita (kwenye fizi yenye afya hakizidi milimita 3), kukwangua ugaga ulioko chini, kumwelekeza mgonjwa kupiga mswaki hata kama fizi zinatoka damu. Wengi wetu tukiona damu tunaacha mswaki, na hapo ndipo ugonjwa hunona. Halafu ndiyo leza, chini ya daktari, kwa kadiri leseni za wahudumu zinavyoruhusu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Mama wa mahamri hayuko peke yake.

Tunawapeleka maafisa wetu wawili wa afya ya kinywa kwenye mafunzo hayo. Ada ni shilingi 190,000, nauli na malazi 64,000, vifaa vya mkono 88,000, miwani ya mgonjwa na ncha za leza 44,000. Jumla 386,000. Mkononi tuna 71,500, na zote, tuseme ukweli, zimetoka kwa kikundi cha akina mama. Wanaume tumetoa ushauri. Zimebaki 314,500.

Hatuna wasiwasi na nyinyi. Mvua za mwisho wa 2023 zilipoezua paa la wodi ya wazazi, mlileta mabati kabla kamati haijamaliza kuandika barua ya kuomba. Ila paa linaonekana barabarani, fizi hazionekani, na ndiyo sababu tumechelewa kuwaomba.

Kila mchango utapewa risiti. Hesabu itabandikwa ubaoni pa kanisa na zahanati, na maafisa hao wametia sahihi ya kutumika hapa miaka miwili baada ya mafunzo. Namba ya Paybill iko nyuma ya kadi ya harambee. Asiye na kadi amwone mweka hazina, si mtu mwingine.

Tukutane Jumapili ya mwisho ya mwezi huu baada ya ibada ya pili. Ndugu zetu wa msikitini wametuahidi viti na turubai, Mungu awalipe. Kuku, nazi na mihogo vitapokelewa hadi saa sita, kisha mnada. Safari iliyopita jogoo mmoja alinunuliwa mara nne na kurudishwa mara nne, akalala ofisini kwa katibu. Safari hii mnunuzi wa mwisho aondoke naye.