Makala Yako Nimeisoma

Ndugu yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa hatujambo, ila mafua yamezunguka nyumba nzima na sasa yamerudi kwa yule aliyeyaanzisha.

Makala yako ya kumjibu yule bwana anayeicheka imani yetu nimeisoma. Hoja zimesimama, sina cha kuongeza. Lakini pale ulipomwita “msomi wa kuokoteza vyeti”, na pale ulipoigusa ndoa yake, nimepitisha kalamu nyekundu. Usinune kwanza.

Unamkumbuka G. K. Chesterton, yule mwandishi Mwingereza mnene ambaye nimekuchosha kwa habari zake? Yeye na George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia, walibishana kwa miaka na miaka, magazetini na majukwaani. Mmoja Mkristo, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922; mwenzake mjamaa ambaye imani hiyo hakuikubali. Mmoja mpenda nyama na bia. Mwenzake hali nyama wala haonji pombe. Mwaka 1909 Chesterton alitoa kitabu kizima kuhusu Shaw, na Shaw mwenyewe akakihakiki! Mwaka 1927 wakapanda jukwaa moja London, watu wakafurika hadi milangoni. Maneno yao yalikuwa makali kweli, ila Chesterton alipotaka kumcheka mtu, mara nyingi alianza na kitambi chake mwenyewe. Alipofariki Juni 1936, Shaw, aliyemzidi umri kwa miaka 18, alimwandikia mjane wake, Frances, kwamba akipatwa na shida yoyote ya kidunia ambayo yeye angeweza kuiondoa, amwandikie neno tu. Sijui mahasimu wangapi wa siku hizi wangeandikiana hivyo.

Utaniambia Chesterton alikuwa na kipaji na sisi tuna hasira tu. Haya, twende kwa Paulo. Wafilipi aliiandika akiwa kifungoni, na humo anasema, “Furahini katika Bwana,” kisha papo hapo, “Upole wenu na ujulikane na watu wote.” Nadhani hakuziweka pamoja kwa bahati. Mwenye furaha hana haja ya kumdhalilisha mtu ili ajione mrefu. Halafu soma Filemoni, ukurasa mmoja tu, utaimaliza kabla chai haijapoa. Anamwombea Onesimo, mtumwa aliyekwenda mbali na bwana wake, Filemoni. Paulo anakiri kwamba angeweza kuamuru, lakini anachagua kusihi. Kama kuna deni, “ukiandike hicho juu yangu,” na anatia saini kwa mkono wake kwamba atalipa. Kisha anachomekea kwamba hataki kumkumbusha Filemoni kuwa naye anadaiwa hata nafsi yake. Hapo huwa namwona mzee akitabasamu, minyororo na yote. Uungwana wa namna hiyo una meno, lakini haumng’ati mtu.

Na usidhani ni mambo ya vitabuni. Juzi kwenye daladala mama mmoja alipanda na ndoo ya dagaa. Konda akaanza kumfokea kwamba gari litanuka, abiria wengine wakaziba pua kwa mbwembwe. Kijana mmoja, fundi nadhani, suruali yake ina rangi ya ukuta, akaipakata ile ndoo na kusema, “Konda, huyu abiria wangu ni mtoto mdogo, halipi nauli.” Gari zima likacheka, konda naye akacheka, na mama akapata kiti. Hakuna aliyeshushwa hadhi, hata konda. Mimi nilikuwa bado natafuta la kumwambia konda, na nakuhakikishia lisingekuwa na utani wowote ndani yake.

Kwa hiyo hoja zako ziache zilivyo, tena ile ya pili ikaze zaidi, kwa sababu hapo yule bwana kateleza kweli. Ile aya anayosema vizuri kuhusu hospitali za misheni inukuu yote, usimkatie katikati. Vyeti na ndoa yake futa. Ukiona inapoa mno, tafuta mahali pa kujicheka mwenyewe. Kwa jinsi unavyoimba kwaya, hutakosa.

Mchele ulioagiza nimeupata, ule wa Kyela. Nitaupakia kwenye basi la Ijumaa, kwa hiyo mtume mtu stendi jioni. Mama watoto anakusalimu sana, na anataka gunia lake lirudi.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako