Viwanja vyetu vina mteremko, ramani zenu hazina

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa nyumba wa kila Jumamosi huwa naukata na kuutia kwenye faili, na faili lenyewe sasa limenenepa. Ninazo nyumba zenu za vyumba viwili, za vyumba vitatu kimoja masta, zenye kibaraza mbele na zenye kibaraza pembeni. Zote zimekaa juu ya mstari mmoja ulionyooka, utadhani nchi nzima imepigwa pasi. Mimi naishi Mbeya. Huku ukidondosha chungwa mlangoni, unalifuata kwa jirani.

Ni muuguzi mstaafu. Kiinua mgongo kilininunulia kiwanja cha mita 20 kwa 25, barabara ikiwa upande wa juu, na kilichobaki ndicho cha kujengea. Hakuna kingine kinachokuja. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia ramani kwa simu, kainunua kwa mtu anayeziuza mtandaoni: upana mita 9, kina mita 12, paa la kuficha bati. (Paa la kuficha bati na mvua zetu zinazoanza Novemba ni ugomvi mwingine, leo nauacha.) Fundi wa kwanza aliiangalia ramani, akaangalia kiwanja, akasema: "Mama, hapa katapila siku moja tu, panakuwa uwanja wa mpira."

Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni nyumba ya tatu kutoka kwangu, iliyojengwa kwa mtindo huo huo. Nyuma yake palibaki ukuta wa udongo mtupu, mrefu kuliko mlango, umesimama wima bila jiwe wala nyasi. Mvua zilizofuata, udongo ukashuka usiku ukaegemea dirisha la jikoni. Hakuna aliyeumia, ila kulipokucha tulikuwa tunachota tope kwa masufuria. Na upande wa mbele, ule uliojazwa, ukuta umepasuka kuanzia kona ya dirisha hadi chini, pale pale ambapo ardhi ngumu inaishia na kifusi kinaanza. Nusu ya nyumba imesimama juu ya ardhi, nusu juu ya kifusi, na kifusi hunywea.

Sisi wa Mbeya tunajua udongo unaweza nini. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifukia nyumba za watu kule Itezi. Sisemi kiwanja changu ni mlima, wala kwamba ajali ile na ufa wa jirani ni jambo moja. Ila tangu wakati ule mtu akiniambia mteremko unamalizwa kwa siku moja, namuuliza ameishi wapi.

Fundi wa pili ni mzee, alikuja kwa baiskeli. Begani alikuwa na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ameuviringisha kama kamba ya ng'ombe. Tukaujaza maji. Mjukuu wangu akatia unga wa juisi nyekundu ili maji yaonekane vizuri, mzee akacheka, akasema miaka yote hiyo hakuwahi kuliwaza hilo. Katikati ya mpira kulikuwa na povu la hewa. Hakupima chochote mpaka alipolifukuza, akiugonga mpira kwa vidole kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hewa ikibaki humo kila kipimo ni uongo. Kisha mimi nikashika ncha moja kwenye kigingi cha juu, yeye akashuka na ncha ya pili, amesimamisha mti. Juisi ikapanda, ikashuka, ikatulia usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Kwangu ilikuwa kwenye kifundo cha mguu, kwake ilikuwa imempita kichwa, na hapo bado hajafika mpakani! Ikabidi tupime kwa mikupuo miwili.

Jumla: mita 3 na sentimita 25 kutoka barabarani hadi mpaka wa chini. Yaani kila mita moja unayoshuka, ardhi inakukimbia sentimita 13.

Tukakaa na daftari la mjukuu. Ramani ya binti yangu ina kina cha mita 12, kwa hiyo ukuta wa upande wa chini ungekuwa na pengo la mita 1 na sentimita 56 chini ya sakafu. Kujaza pengo hilo chini ya nyumba nzima ni karibu mita 84 za ujazo. Lori tunalokodi hapa hubeba kama mita tano. Hesabu mwenyewe: malori 17, na udongo ukishindiliwa hupungua, kwa hiyo yanazidi. Pesa yangu ingeishia ardhini kabla sijaona hata tofali moja la ukuta.

Mzee akanyoosha kidole kwenye kilima cha mbele, ambako njia za ng'ombe zimekikata kilima kwa ubavu. "Ng'ombe hapandi wima, mama. Na nyumba isilale kichwa chini."

Basi tukaigeuza. Mita 12 zikawa upana, zimefuata kilima. Kina nimekikata hadi mita 8, nikapoteza stoo na korido ambayo hata sikuihitaji. Halafu sakafu tumeigawa mara mbili, mita nne juu na mita nne chini, zikipishana sentimita 52, ambazo ni ngazi tatu tu. Kifusi kimeshuka hadi mita 25 hivi za ujazo, na sehemu yake itatoka humo humo kwenye mitaro ya msingi.

Juu ni chumba changu, chumba cha wageni, choo na jiko, vyote usawa mmoja, kwa sababu nina magoti na usiku sitaki ngazi. Chini ni sebule na kibaraza. Mgeni ataingia kwa upande wa barabara, atashuka ngazi tatu akishika bomba, na bonde lote litakuwa mbele yake. Paa ni moja, la migongo miwili, kwa hiyo sebule inapata dari refu bila kuongeza bati hata moja. Najua ngazi hizo tatu si rafiki wa kila mtu. Dada yangu anatumia kiti cha magurudumu, na nikimkaribisha itabidi azungukie nje, pembeni ya nyumba, ambako tumepanga njia ya kuinama taratibu. Hilo bado linanikera.

Mambo mengine mzee aliyasema huku anafunga baiskeli yake, nami nikayaandika. Mtaro wa msingi uchimbwe kwa hatua kama ngazi, kila hatua iwe usawa kabisa, usifuate mteremko, maana zege la kuinama hutafuta kuteleza. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15, kikinyunyiziwa maji. Ule ukuta mfupi kati ya sakafu mbili unazuia udongo, kwa hiyo uwe wa mawe na nyuma yake nailoni nzito, la sivyo sebule itatoka jasho. Mfereji ukatwe juu ya nyumba, kati yake na barabara, maji yazungushwe pembeni yasimwangukie jirani wa chini. Jirani huyo ana kisima, kwa hiyo shimo la choo tumelihamishia kona ya pili ya chini, mbali naye, na mabomba yanashuka yenyewe bila pampu.

Mhariri, hayo yote hayaonekani kwenye ramani zenu kwa sababu mnatuonyesha nyumba kwa juu na kwa mbele tu. Iliyokuja kwa simu ilikuwa na mchoro wa ubavu, ni kweli, lakini ardhi ilikuwa imechorwa kwa rula. Naomba kila Jumamosi muweke mchoro mmoja mdogo wa nyumba iliyokatwa ubavuni kama mkate, na mstari wa ardhi muuinamishe, hata kwa hizo sentimita 13 kwa mita. Mwandikie msomaji pembeni: kifusi ni kiasi gani nyumba ikikaa hivi, ni kiasi gani ikigeuzwa. Mchoraji wenu akikosa mfano, wangu upo, kijana aliyenichorea ameshaumaliza na nimeupeleka halmashauri kuombea kibali.

Tunaanza kuchimba Juni, mvua zikiwa zimekatika. Mzee ameshaniagiza niwe na unga wa juisi wa kutosha.

Muuguzi mstaafu,
Mbeya