Mwandishi wenu aliondoka mapema

Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya onyesho la piano lililofanyika hapa Mwanza Jumamosi. Rangi ya gauni la binti aliyepiga piano mmeitaja, mgeni rasmi na msafara wake mmewataja. Kisha mkaandika kwamba sonata, yaani utungo wa piano wenye sehemu kadhaa, ya Beethoven, mtunzi Mjerumani wa zamani, ilikuwa muziki wa taratibu, wa kuliwaza, mwanzo hadi mwisho. Hapo nikajua mwandishi wenu aliwahi daladala.

Sonata ile, Namba 14, ina sehemu tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo ya taratibu inayojulikana na wengi, na jina la mwanga wa mwezi sonata ilibandikwa na watu baada ya Beethoven kufariki mwaka 1827. Ya pili ni fupi. Ya tatu ni dhoruba: mkono wa kulia unapanda mbio kutoka chini, ukifika juu unagonga mara mbili kwa nguvu, unarudi chini, unaanza upya. Mzee aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Huyu mtoto kaudhiwa na nani?" Beethoven aliitunga mwaka 1801, mwaka uleule aliomwandikia rafiki yake daktari kwamba masikio yanamwishia.

Binti alipiga yote kwa kichwa, bila karatasi. Mimi napiga kinanda cha kwaya Kirumba, na hata kwa nyimbo za solfa (zile za do, re, mi) ninazozijua tangu utoto, ubeti wa nne huniponyoka.

Tena piano yenyewe si ya kudekeza mtu. Unyevunyevu wa ziwa huvimbisha mbao, nyuzi zake zaidi ya 200 zikavutika, sauti zikapishana. Fundi alikuwa amejitahidi, lakini noti moja ya juu ilikuwa imeteleza. Binti aliigundua mapema. Kila alipoweza aliigusa kwa ncha ya kidole tu, akaipita.

Mmewacheka pia waliopiga makofi katikati. Jamani, enzi za Beethoven watu walishangilia kati ya sehemu na sehemu, wala haikuwa aibu. Vile vigelegele vya akina mama wa viti vya nyuma vilikuwa haki yake.

Akipiga tena, mtumeni mtu atakayekaa mpaka watu wasimame. Na amuulize binti anafanyia wapi mazoezi, maana wazazi tuliokuwa ukumbini ndilo tulilotaka kujua.

Mpiga kinanda,
Kirumba, Mwanza