Barua kwa Somoe: kuhusu korosho na huo mdahalo wenu

Newala, Julai

Mwanangu Somoe,

Sisi huku hatujambo. Mikorosho imeanza kutoa majani mapya, na mama yako ameshaanza kunisumbua habari za salfa, dawa ya mikorosho. Ujumbe wako nimeusoma. Mmepewa mada kwamba serikali ijitoe kwenye uchumi, wewe umepangwa upande wa kupinga, na unataka baba yako akueleze ujamaa alivyouona. Haya, keti.

Kwanza nikuokoe na aibu mbele za watu: usije ukasema Tanzania ilikuwa nchi ya kikomunisti. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, kesho yake benki zikataifishwa, na wakubwa wakakatazwa kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Lakini misikiti na makanisa vilibaki wazi, na mikorosho ya babu yako ilibaki ya babu yako. Kilichotaifishwa huku kwetu, kwa kweli, ni mnunuzi. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, akabaki mmoja tu, Mamlaka ya Korosho. Bei inapangwa Dar es Salaam, fedha zinakuja zinapokuja, na ukikasirika huna mlango mwingine wa kubisha.

Hilo peke yake lisingetumaliza. Kilichotumaliza ni kuhamishwa. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe ameshaingia kijijini. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona kama sherehe. Babu yako hakuona hivyo. Alipewa kiwanja mbali na mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake, na mkorosho hauhamishiki kama mbuzi. Shamba lisipofyekwa, moto wa kiangazi unaingia; korosho zikianguka hakuna wa kuziokota. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Hapo mjomba wako hupiga meza na kusema: unaona, ujamaa huo! Anakuza. Kulikuwa pia na ubwiriunga, ugonjwa ule wa maua, na ubwiriunga haukusoma Azimio lolote. Tiba ya salfa tuliyokuja kuitumia ilitokana na kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, watumishi wa serikali hiyohiyo. Hilo liandike kwenye daftari lako, maana wapinzani wako hawatalitaja.

Andika na hili. Kijiji kilekile kilichomtenga babu yako na shamba ndicho kilichonipa mimi shule ya kutembelea kwa miguu, na bibi yako alijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima, jioni, akiwa na mtoto mgongoni. Mimi nashindwa kulitoa moja kwenye jingine nikapata jumla. Wanaoweza, nawashangaa.

Sasa viwanda. Miaka ya sabini serikali ilijenga viwanda kumi na viwili vya kubangua korosho, na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Yaani benki ya mabepari iliikopesha nchi ya wajamaa ijenge viwanda vya umma! Waulize wenzako waliiweka upande gani wa mdahalo. Vilipokuja kukamilika, korosho zenyewe zilikuwa zimeshapungua kwa sababu nilizokueleza, na mashine zile zilivunja punje kuliko mikono ya akina mama wa Kihindi kule Kollam. Baadaye vikauzwa kwa watu binafsi, kwa sharti la kuvifufua. Baadhi yao waliona heri kuvigeuza maghala. Serikali ilishindwa kubangua, na bepari naye hakubangua.

Na nani anabangua? Vietnam. Hapa ndipo ningekaa sana kama ningekuwa wewe. Nchi inatawaliwa na Chama cha Kikomunisti, chama kimoja, hakuna kingine, na ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho iliyobanguliwa. Korosho yetu ghafi inapanda meli Mtwara, inakwenda kubanguliwa kule, kisha inaliwa Ulaya na Marekani. Wao walianza mageuzi yao, Doi Moi, mwaka 1986, mwaka uleule sisi tulioingia makubaliano na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Waliwaachia wakulima ardhi walime kwa uamuzi wao, wakaruhusu viwanda vya watu binafsi, lakini serikali haikuondoka mezani. Sisi tulipoambiwa ruksa kufanya biashara, wengi tulielewa kwamba serikali iende ikalale.

Maana mwaka 1991 wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, nisikudanganye, tulifurahi. Fedha taslimu, mkononi, siku hiyohiyo. Watu walirudi kufyeka mashamba waliyoyasahau. Kisha tukajifunza kwamba wanunuzi watano wanaokunywa chai pamoja ni mnunuzi mmoja. Na kangomba unaijua, ilitusomesha wote adabu: mtu anakuja wakati huna hata chumvi ndani, anakupa visenti, msimu ukifika anachukua korosho zako kwa kipimo chake. Hakuna aliyekushikia bunduki. Ulikubali mwenyewe, tena kwa kushukuru. Wale vijana watakaokuambia kwamba soko ni makubaliano ya watu huru, waulize huru kiasi gani mtu ambaye mtoto wake ana homa.

Ndipo mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani. Unapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, unapewa karatasi, wanunuzi wanashindana mnadani. Nimekuwa karani wa chama, nimeona uzuri wake na uchafu wake. Makato hayana mwisho, na huo unyaufu wanaokata, sijaona korosho zinazokauka kwa kasi ya zile zilizo kwenye vitabu. Hata hivyo msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, na pikipiki mpya zikajaa Newala nzima.

Mwaka uliofuata unaukumbuka, ulikuwa sekondari. Oktoba 2018 bei za mnadani zilikuwa chini, wakulima tukazikataa. Novemba Rais Magufuli akasema serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Halafu ukaja uhakiki: una shamba wapi, mikorosho mingapi, huenda wewe ni wa kangomba. Miezi ikapita. Ada yako ya muhula ule nililipa kwa kuuza mbuzi. Bei ilikuwa nzuri kweli, fedha ndiyo haikuwepo, na mnunuzi mwingine hakuwepo tena wa kumkimbilia. Nikamkumbuka babu yako.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Nataka serikali kwenye mizani, kwenye salfa, kwenye ghala na kwenye mnada, iwe kali kama mama mkwe. Siitaki iwe mnunuzi peke yake, kama nisivyotaka wachuuzi watano wa chai. Wakikuuliza kama serikali ijitoe, wajibu kwa swali: serikali ipi? Ile iliyotufundisha kutibu ubwiriunga, au ile iliyokuja na malori? Wakikutajia Marekani, wakumbushe kwamba mwaka 2008 mabenki yalipoyumba serikali ya huko iliingiza mkono mfukoni kuyaokoa. Zamani sisi tuliwaita Wakenya manyang'au kwa ubepari wao, na wao walikuwa na bodi ya serikali inayopanga bei ya mahindi. Majina kwenye bendera hayakusaidii sana. Uliza nani ana haki ya kukataa bei.

Mjomba wako ameisoma barua hii kabla sijaipiga picha kukutumia. Habari ya wanunuzi wa chai imemchoma, maana enzi zile alikuwa akiwakusanyia korosho. Ameomba namba yako mpya na nimempa. Atapiga Jumapili, jiandae, na usimkatize mpaka amalize habari za foleni za sabuni.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako